Muhasaba wa Aliyepandishwa Cheo

Aghalabu mtu hupandishwa cheo kwa sababu ya kazi ya mikono yake mwenyewe. Karani aliyekuwa hodari wa kuandika na kutunza majalada hufanywa karani mkuu. Mwalimu aliyesomesha kwa bidii na wanafunzi wake wakafaulu hufanywa mwalimu mkuu. Muuguzi aliyesifika kwa upole na uangalifu hukabidhiwa wodi nzima. Na fundi aliyezijua mashine kuliko wenzake huambiwa aisimamie karakana. Barua ya uteuzi humfikia ikiwa na pongezi na kiwango kipya cha mshahara, na jamaa humpa mkono na kumwombea heri, lakini katika barua ile hapana mstari umwambiao jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni kwamba kazi iliyompatia sifa ndiyo anayoiacha, na kazi anayoiingia hajapata kuifanya hata siku moja. Tangu asubuhi ile hatapimwa tena kwa barua alizoziandika, wala kwa masomo aliyoyafundisha, wala kwa vidonda alivyovifunga, bali kwa barua, masomo na vidonda vilivyopita mikononi mwa watu wengine, ambao kila mmoja wao ana tabia yake, hofu yake, tamaa yake na taabu za nyumbani kwake.

Geuko hilo ni kubwa, na si ajabu kwamba wengi walio hodari huyumba katika miezi ya mwanzo. Nasaha ninazokusudia kuzitoa hapa ni kwa mtu wa namna hiyo: mtu mwema, mwenye nia safi, aliyepewa watu wa kuwaongoza na hakupewa mwalimu wa kumwonyesha namna ya kuwaongoza. Rai yangu ni moja, na yote yatakayofuata ni maelezo yake. Cheo hakimfunzi mtu kwa kukikalia tu, hata akikikalia miaka ishirini. Humfunza yule ajiwekeaye muhasaba, ajihesabuye nafsi yake mara kwa mara kwa insafu, akauliza: nimetenda nini, matendo yangu yamezaa nini, yamemgusa nani, na kesho nitatenda vipi.

Jambo la kwanza ni kuijua amana kabla ya kuitumia. Cheo huja na makabidhiano, na mtu mwenye haraka ya kuketi kitini hutia sahihi hati ya makabidhiano bila ya kuisoma. Usifanye hivyo. Keti na mtangulizi wako, ikiwa yupo na yu radhi, mpitie pamoja majalada yaliyo wazi, madeni na madai, vifaa na funguo, mashauri ambayo hayajakatwa, na ahadi alizowapa watu ambazo hazijatimizwa. Maana ahadi ya ofisi haifi kwa kuondoka aliyeitoa, na mfanyakazi aliyeahidiwa likizo na mkubwa wa jana atakuja kuidai kwa mkubwa wa leo. Baada ya hapo waite wale utakaowaongoza, mmoja mmoja, pahali pa faragha, uwaulize maswali machache yasiyo na mtego: kazi yako hasa ni ipi, ni kitu gani kinachokuzuia kuifanya vizuri, ni jambo gani jema hapa ambalo usingependa libadilishwe, na ungekuwa wewe ndiye mimi ungeanza na lipi. Kisha nyamaza, usikilize, uandike, wala usimseme mtangulizi wako hata ukitegewa. Yule atakayekujibu leo kwa maneno mawili kwa sababu ya hofu atakujibu kwa marefu na mapana baadaye, akiisha kuona kwamba siri ya mwenzake haikutoka nje ya mlango wako.

Katika siku hizo za mwanzo shauku ya kubadili mambo huwa kali, kwa kuwa kila mtu mpya hupenda kuonekana kwamba amefika. Izuie kwa muda. Taratibu nyingi zionekanazo kuwa ni taabu tupu, kama sahihi mbili kwenye hati ya malipo au daftari la kukabidhiana zamu ambalo wauguzi huliandika kila asubuhi wakiwa wamechoka, ziliwekwa baada ya fedha kupotea au mgonjwa kukosa dawa yake, na waliokuwapo siku hiyo huenda wote wamekwisha kustaafu. Uliza kwanza utaratibu uliwekwa kwa nini. Ukiisha kuijua sababu na ukaona kwamba haipo tena, ndipo uuondoe, na uwaeleze watu kwa nini umeuondoa.

Mtihani ulio mgumu kuliko majalada ni ule wa wenzi wa jana. Wale mliokula pamoja chakula cha mchana, mkaazimana nauli ya daladala na mkawasema wakubwa pamoja, leo wanakutazama wakingoja kujua umekuwa nani. Katika njia hii pana mashimo mawili, na wengi huanguka katika moja kwa kulikimbia la pili. Wako wanaojitenga ghafula, wakabadili sauti na mwendo, wakataka kuitwa kwa cheo na waliokuwa wakiwaita kwa jina, na hao huvuna chuki kabla ya kupanda kitu. Tena wako wanaoona haya ya kuongoza, wakaendelea kubembeleza na kutaka kupendwa, wakamwachia rafiki achelewe ilhali mwingine anakaripiwa kwa kuchelewa, na hao huvuna dharau. Baina ya mashimo hayo pana njia nyembamba ya uwazi. Waambie rafiki zako mapema, kwa upole na bila ya mzunguko, kwamba urafiki haujafa, ila yapo mambo ambayo sasa huwezi kuyazungumza nao, na yapo mambo ambayo hamtakubaliana. Kisha tazama sana ugavi wa yale yanayotamaniwa. Katika maofisi yetu manung'uniko mengi hayatoki katika mishahara, ambayo hupangwa mbali, bali hutoka katika safari za kikazi, semina, posho na zamu za sikukuu, ambazo hupangwa na msimamizi aliye karibu. Iweke wazi orodha ya mambo hayo, kila mtu aone nani amekwenda na nani zamu yake inafuata, na fitina nyingi zitakosa chakula.

Tena yupo, karibu katika kila ofisi, mfanyakazi aliyekuzidi umri na pengine aliyekitarajia cheo hicho hicho. Katika mila zetu cheo hakiufuti umri, na mtu adhaniye kwamba barua ya uteuzi imemwondolea wajibu wa kumwamkia mzee hujivunjia murua mbele ya wote, hata mbele ya vijana. Mwamkie shikamoo kama ulivyomwamkia jana, mwite mzee au mama kama ulivyozoea, na ukimpa kazi, mpe kwa maneno yasiyopunguza heshima yake wala ukamilifu wa agizo lako: "Mzee, kazi hii nimeona inakufaa wewe, nami naomba iwe tayari kabla ya Alhamisi adhuhuri." Agizo hilo lina kazi, lina mwenyewe na lina muda, na halina jeuri. Likitokea kosa, mwite faraghani, umweleze kosa wala usimweleze umri wake. Mtu wa namna hii ndiye mwenye kumbukumbu ya mahali pale kuliko jalada lolote, na akishauriwa kwa ihtiramu kabla ya uamuzi, badala ya kuarifiwa baada yake, aghalabu huwa nguzo ya kwanza ya yule aliyemhofia.

Sasa twende katika jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha kukua katika uongozi, nalo ni kuiachia kazi mikono ya mwingine. Aliyepandishwa cheo kwa uhodari wake huumia anapoitazama kazi ikifanywa polepole na mtu asiye hodari kama yeye, na mara nyingi huinyakua akaimaliza mwenyewe, akajisifu kwamba ameokoa wakati. Ameokoa saa moja na kupoteza mwaka, kwa kuwa yule aliyenyang'anywa hajajifunza, na juma lijalo kazi itarudi pale pale, mpaka msimamizi awe mtu wa kubaki ofisini usiku akifanya kazi za watu wote huku watu wenyewe wamekwenda zao wakiwa na huzuni ya kutoaminiwa. Kumkabidhi mtu kazi si kumtupia. Mweleze matokeo yanayotakiwa na sababu yake, mwonyeshe mpaka wa mamlaka yake, kwamba hili aweza kuliamua peke yake na lile sharti aje kuuliza, mpe vifaa na muda, patanisheni siku ya kutazama kazi ikiwa katikati, kabla haijaharibika, kisha umwache. Akiifanya kwa njia isiyo yako lakini matokeo ni yale yale, usiiguse. Akikosea, sahihisheni pamoja, yeye ndiye ashike kalamu. Na sifa ikija, itaje kwa jina lake mbele ya wakubwa, maana sifa iliyonyang'anywa haisahauliki kwa urahisi.

Maadamu umepewa mamlaka juu ya saa, likizo na riziki za watu, ni faradhi kwako kuijua sheria inayoyatawala mambo hayo, usiyaongoze kwa mazoea na fununu. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 imeweka kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma wala 9 kwa siku, kwamba saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, kwamba likizo ya mwaka isipungue siku 28 zinazofuatana, na kwamba mama aliyejifungua ana likizo yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira Na. 11 ya 2005, na Kenya ina Sheria ya Ajira ya 2007, ambayo likizo yake ya mwaka haipungui siku 21 za kazi. Kanuni za Utendaji Bora zilizotangazwa Tanzania mwaka 2007 zataka mfanyakazi anayetuhumiwa aelezwe tuhuma zake, apewe wakati wa kujitayarisha ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na asaidiwe na mwakilishi wa chama chake au mfanyakazi mwenzake. Mengi ya hayo huonekana kwa msimamizi mpya kuwa ni vizuizi, kumbe ni ngao yake pia. Saa 48 zile humpa mtuhumiwa nafasi ya kutafuta ushahidi wake, na humpa mkubwa nafasi ya kupoa hasira. Na maamuzi mengi ambayo waajiri huyajutia mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni yale yaliyokatwa asubuhi moja kwa moyo ulioghadhibika.

Wala asidhani mtu kwamba mashauri haya ya kiongozi kujitazama ni mambo mageni kwetu. Mwalimu Julius Nyerere aliuacha uwaziri mkuu Januari 1962, majuma machache baada ya uhuru wa Tanganyika, ili akakijenge chama cha TANU, na katika mwaka huo huo akaandika kijitabu alichokiita Tujisahihishe, ambamo aliwahimiza viongozi na wanachama waitazame hoja kwa ukweli wake, wasiitazame kwa cheo cha aliyeisema. Mwaka 1970 Waraka wa Rais Na. 1 ukaanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, ili walio chini wapate pa kusemea; na Kifungu cha 15 cha Mwongozo wa TANU wa 1971 kikamkataza kiongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu. Katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam walikishika kifungu kile wakawakabili nacho mameneja wao, wengine kwa kugoma, na mameneja wengi wakastaajabu kuona kwamba kumbe walikuwa wakihesabiwa siku zote. Somo la habari ile halijachakaa. Walio chini yako wanakuhesabu, upende usipende. Wanajua unafika saa ngapi, unamcheka nani na unamwogopa nani. Wacha Mungu wa zamani waliusia kwamba mtu ajihesabu kabla hajahesabiwa, na wasia huo unafaa ofisini kama unavyofaa katika ibada.

Basi muhasaba wenyewe hufanywaje? Mwenye duka hafungi mlango jioni kabla hajalinganisha bidhaa iliyotoka na fedha iliyoingia, hata kama siku ilikuwa nzuri, kwa kuwa ajua kwamba hasara huingia siku za furaha. Na kiongozi afanye vivyo hivyo mara moja kwa juma, kwa saa aliyoichagua, asiivunje ila kwa dharura. Awe na daftari lake mwenyewe, lisilo la ofisi, alifungie mahali pa salama. Aandike mambo manne tu. La kwanza ni uamuzi mkubwa wa juma lile na sababu alizokuwa nazo alipouamua. La pili ni matokeo anayoyatarajia na siku anayotarajia kuyaona, maana bila ya kuandika matarajio kabla, mtu hujidanganya baadaye kwamba alijua tangu mwanzo. La tatu ni mazungumzo mamoja yaliyokuwa mazito, alisema nini, mwenziwe alisema nini, na wapi mazungumzo yaligeuka. La nne ni jambo moja alilojifunza kwa mtu aliye chini yake, na akikosa la kuandika hapo kwa majuma mawili yanayofuatana, ajue kwamba ameacha kusikiliza.

Tuseme msimamizi wa wodi amebadili mpango wa zamu za usiku akitarajia kwamba malalamiko yatapungua, na mwezi mmoja baadaye malalamiko yamezidi. Asiye na daftari atasema wauguzi ni watu wasioshukuru. Mwenye daftari ataurudia ukurasa wa siku ile, ataona kwamba sababu aliyoiandika ilikuwa ni urahisi wa kupanga orodha, na kwamba hakumwuliza hata mmoja kati ya wenye watoto wachanga wala wanaokaa mbali na kituo cha mabasi. Ataona, kwa mwandiko wake mwenyewe, kwamba tatizo halikuwa shukrani. Na kwa kuwa ameligundua yeye, halitamletea haya ya kushindwa bali ghera ya kutengeneza. Kila baada ya miezi mitatu na arudi nyuma asome kurasa zote kwa mfululizo, kwa kuwa kosa la mara moja ni ajali, ila likijitokeza katika kurasa tano huwa ni tabia, na tabia haionekani kwa siku moja.

Hata hivyo jicho halijioni, na daftari laweza kuwa kioo cha ghururi kama halisaidiwi. Jichagulie watu watatu wa kukuambia kweli: mmoja aliyekutangulia katika cheo, mmoja wa kimo chako katika idara nyingine, na mmoja aliye chini yako, anayejulikana kwa ukweli kuliko kwa utiifu. Usiwaulize "mwanionaje?", kwa kuwa swali hilo huomba sifa, nao watakupa. Waulize jambo mahususi: katika kikao cha Jumatatu ni neno gani nililolisema likawakata watu hamu ya kuchangia? Katika kugawa kazi za robo hii, nani amebebeshwa kupita kiasi? Na jibu likija, hata likiuma, lipokee kwa ahsante tupu isiyofuatwa na utetezi, maana utetezi mmoja hufunga mlango ambao haufunguki tena kwa urahisi.

Yapo pia mambo ambayo taasisi yenyewe huyapanga. Katika utumishi wa umma wa Tanzania, mkubwa alikuwa akiandika taarifa ya siri juu ya mtumishi, na mtumishi hakuonyeshwa. Mwaka 2004 ukaletwa mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji, uliojulikana kwa kifupi cha OPRAS, ambao ulitaka msimamizi na msimamiwa wakae pamoja, wapatane malengo, na wayapitie tena katikati ya mwaka. Mifumo hubadilika, na fomu za karatasi hupisha kompyuta, lakini hekima ya geuko lile yafaa ishikwe na kila msimamizi wa sekta yoyote: hukumu ambayo mtu hajulishwi haiwezi kumtengeneza. Usingoje mwisho wa mwaka kumwambia mtu lililokukera tangu mwezi wa pili. Na unapomaliza kumtathmini, mwachie dakika chache naye akutathmini wewe, akuambie ni msaada gani aliokosa kwako.

Pana siku ambayo daftari, sheria na washauri vyote hukutana, nayo ni siku ya kuharibikiwa. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya vifo vya raia waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Hakutenda uovu ule kwa mkono wake, lakini alikubali kwamba mwenye dhamana ya chombo hubeba yale yanayotendwa na chombo. Hakuangamia kwa hilo. Alikwenda Misri kuwa balozi, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano, na hata baada ya kufariki kwake Februari 2024 tendo lile lingali likitajwa kwa sifa. Msimamizi wa karakana hatatakiwa kujiuzulu kwa kila bolti iliyolegea, ila na asimame mbele ya wakubwa aseme "kazi hii ilikuwa chini yangu", kisha akarudi kwa watu wake kutafuta wapi utaratibu ulivunjika. Watu waliowahi kumwona mkubwa wao akiupokea mzigo wao hadharani huacha kumficha makosa, na ofisi ambayo makosa hayafichwi hujifunza haraka kuliko ofisi yoyote nyingine.

Ukitaka kujua kama umekua, usiutazame ukubwa wa meza yako. Chukua likizo yako kamili, uzime simu ya kazi, umwache mmoja kati ya watu wako akaimu. Ukirudi ukakuta mambo yamekwenda, na mengine yamekwenda vizuri kuliko ulivyoyaacha, usiingiwe na husuda. Hiyo ndiyo shahada yako, kwa kuwa umewatia watu uwezo ambao hapo kwanza ulikuwa kwako peke yako. Ukikuta yamekwama, andika katika daftari lako yamekwamia wapi, maana hapo ndipo ulipofundisha kidogo. Anza Ijumaa hii: andika uamuzi mmoja uliouamua juma hili, sababu yake, na unachotarajia kitokee, kisha mwulize mtu mmoja aliye chini yako ni kitu gani kinachomzuia kufanya kazi yake vizuri, na Jumatatu ukiondoe.